Kichocho, Pumu na Kinga ya Mwili Visiwani

Kisiwa cha Goziba kimo ndani ya Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Mkazi wa kisiwa hiki hana namna ya kuyaepuka maji ya ziwa. Humo huoga, humo hufua, humo huteka ya kupikia, na humo husimama hadi magotini asubuhi wakati wa kuvuta mtumbwi uliorudi na dagaa au sangara. Maji hayo humpa riziki, lakini pia humpa ugonjwa ambao wavuvi wa ziwa hili wameuzoea kiasi cha kuacha kuuhesabu kuwa ugonjwa, nao ni kichocho cha tumbo.

Katika muda wa miaka hamsini hivi iliyopita limezuka miongoni mwa wanasayansi wazo ambalo, likisikika kwa mara ya kwanza, huonekana kama mzaha. Wazo lenyewe ni kwamba mtu mwenye minyoo hupata kwa nadra magonjwa ya mzio, yaani pumu, ukurutu, mafua yasababishwayo na chavua na mengine ya jamii hiyo. Na kwamba huenda minyoo ndiyo sababu ya unafuu huo. Ikiwa wazo hilo ni la kweli, basi linatuletea swali zito. Je, tukiwapa watoto wa Goziba dawa ya kuwaua minyoo hao, tutakuwa tumewaondolea kichocho na kuwaachia pumu badala yake? Mganga wa zahanati asiye na mtambo wa hewa ya oksijeni, tena akiwa mbali na hospitali kwa safari ya mashua, ana haki ya kujua jibu kabla hajafungua kopo la vidonge.

Jibu lipo, nalo limepatikana katika ziwa hilihili. Lakini ili tulielewe yatupasa kwanza tutazame jinsi mwili unavyopigana na mnyoo.

Silaha moja, maadui wawili

Kinga ya mwili haina jeshi la aina moja. Bakteria na virusi ni viumbe vidogo mno, na chembe nyeupe za damu huweza kuwameza au kuziua chembe za mwili walimojificha. Mnyoo ni jambo jingine. Mnyoo wa kichocho aliyekomaa ana urefu wa sentimita moja hivi; kwa chembe moja ya damu yeye ni kama nyangumi mbele ya dagaa. Hawezi kumezwa. Kwa hiyo mwili una mbinu maalumu kwa ajili ya viumbe wakubwa kama hawa. Hutengeneza kingamwili ya aina iitwayo IgE, ambayo hujibandika juu ya chembe maalumu zilizotawanyika katika ngozi, mapafu na utumbo. Chembe hizo zimejaa vifuko vya kemikali, mojawapo ikiwa histamini. IgE ikimgusa adui inayemtambua, vifuko hupasuka. Mishipa ya damu huvuja, ute hububujika, misuli ya njia za hewa na ya utumbo hujikaza, na mtu huwashwa, hupiga chafya au huhara. Wakati huohuo chembe nyingine za damu, ziitwazo eosinofili, humzingira mnyoo, hasa aliye mchanga, na kumwagia sumu. Shabaha ya vurugu hiyo yote ni kumfukuza au kumuua mvamizi asiyeweza kumezwa.

Msomaji atakuwa ameshatambua kwamba maelezo hayo ni maelezo ya pumu na ya mafua ya mzio vilevile. Na ndivyo ilivyo. Mzio ni silaha ya minyoo inayofyatuliwa pasipo mnyoo. Mwili wa mgonjwa wa pumu umeyadhania mavi ya utitiri wa vumbi la nyumba, au vumbi la mende, au chavua, kuwa ni adui mkubwa, ukatengeneza IgE dhidi yake. IgE yenyewe iligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden. Tangu mwanzo ilijulikana kama kingamwili ya mzio. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba watu wa nchi za joto wenye minyoo wana IgE nyingi kuliko hata wagonjwa wa pumu wa Ulaya. Hapo ndipo fumbo lilipozaliwa: watu wenye silaha nyingi kuliko wote ndio walioonekana kuugua mzio kwa uchache.

Nilipokuwa masomoni ughaibuni niliona wenzangu wakifungiwa ndani na chavua ya nyasi kila ulipoingia majira ya kiangazi, macho mekundu, leso mkononi. Kwa mtu aliyekulia katika nchi ambayo nyasi huota hadi mlangoni, jambo hilo halikosi kushangaza.

Namna mnyoo anavyoituliza nyumba aliyomo

Kichocho cha tumbo husababishwa na mnyoo aitwaye kwa jina la kitaalamu Schistosoma mansoni. Vichocho viwili vya kwetu ni vya jamii ya mnyoo aliyegunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo katika mwaka 1851. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, na kijidudu kilichomo humtafuta konokono wa jamii ya Biomphalaria. Katika Ziwa Victoria wapo wa aina mbili wanaotuhusu: mmoja hupenda matete na vinamasi vya ukingoni, mwingine huishi ndani ya ziwa lenyewe, hata mahali penye kina, na ndiyo sababu pwani safi isiyo na majani si lazima iwe pwani salama. Baada ya wiki nne au zaidi konokono hutoa vijidudu vyenye mkia, kwa maelfu, hasa jua linapokuwa juu. Hivi huipenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu. Husafiri ndani ya damu, hukomaa, na hatimaye dume na jike hukaa wamekumbatiana katika mishipa ya damu iliyozunguka utumbo. Huishi humo miaka mitatu, mitano, hata kumi na zaidi, na kila siku jike hutaga takriban mayai 300.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Kiumbe kigeni, kinachoonekana kwa macho, kinaishi ndani ya damu, mahali penye askari wengi kuliko pengine popote mwilini, na kinakaa humo miaka kumi! Kiungo cha binadamu mwingine kikipandikizwa mwilini hukataliwa kwa siku chache kisipotolewa dawa za kuituliza kinga. Mnyoo hutoa dawa zake mwenyewe. Hujivika kemikali za mwenyeji wake ili asitambulike. Zaidi ya hayo, yeye na mayai yake hutoa protini na sukari ambazo huzielekeza chembe za kinga kwenye kazi ya kutuliza badala ya kushambulia. Chembe hizo tulizi hutoa kemikali ambayo wataalamu huiita interlukini-10, nayo ni kama amri ya kusitisha mapigano. IgE ipo, eosinofili zipo, lakini amri imekwisha kutolewa na moto haufyatuliwi ovyo.

Wala mnyoo hafanyi hivyo kwa hisani. Anailinda nyumba isiungue kwa sababu yumo ndani yake. Hata hivyo amri ya kusitisha mapigano haina macho; ikitolewa katika damu huwafikia wote, na huenda ikaituliza pia ile vita ya bure dhidi ya utitiri wa vumbi. Hilo ndilo wazo lililozaa utafiti mwingi.

Wazo linavyosafiri

Katika mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama vile baridi yabisi ya viungo, yalikuwa nadra huko, akadokeza kwamba vimelea ndio huenda wakawa sababu. Katika mwaka 1976 mtafiti Mwingereza, J. A. Turton, alitoa taarifa ya ajabu zaidi: alijiambukiza mwenyewe minyoo ya safura, na mafua yake ya kila kiangazi yakatulia. Jaribio la mtu mmoja si ushahidi, lakini lilikumbukwa. Kisha, katika mwaka 1989, David Strachan alichambua habari za watoto 17,414 wa Uingereza waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958, akaona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wakubwa wengi ndivyo alivyopata mafua ya chavua kwa uchache. Alieleza kwamba huenda maambukizo ya utotoni, yanayopokezanwa katika nyumba yenye watoto wengi, humkinga mtu na mzio. Maelezo hayo yalipata sifa kubwa, na baadaye minyoo nao wakaingizwa ndani yake.

Ushahidi uliowavuta wengi ulitoka Gabon. Karibu na mji wa Lambaréné watoto 520 wa shule walipimwa kwa kutiwa tone la dondoo ya utitiri wa vumbi juu ya ngozi, kisha ngozi ikachomwa kidogo. Mwenye mzio hutokwa na lengelenge baada ya robo saa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watoto wenye kichocho, ambacho huko kilikuwa cha mkojo, walipata malengelenge kwa uchache kuliko wenzao, na damu yao ilitoa interlukini-10 kwa wingi ilipokutanishwa na kemikali za mnyoo. Miaka minne baadaye ilitolewa taarifa ya watoto 317 wa hukohuko, ambao baadhi yao walipewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu na kufuatwa kwa miezi thelathini. Waliotibiwa walizidi kuonyesha malengelenge kwa utitiri.

Hofu ilianza hapo. Nchini Vietnam jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilitoa jibu linalofanana na la Gabon kwa kipimo cha ngozi. Lakini huko Ecuador, katika shule 68, watoto waliomeza albendazo mara kwa mara kwa mwaka mzima hawakuongezeka mzio hata kidogo. Huko Entebbe, kando ya ziwa letu, wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa kati ya 2003 na 2005, wengine wakapewa dawa ya minyoo na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa akina mama waliomeza albendazo walipata ukurutu zaidi katika utoto wao wa awali. Watoto hao walipofuatwa hadi umri wa miaka tisa, tofauti ya magonjwa ya mzio haikuonekana tena.

Naomba msomaji aizingatie tofauti moja ambayo magazeti aghalabu huisahau. Lengelenge la ngozi si pumu. Ni dalili tu kwamba silaha imejazwa risasi. Yule anayeshindwa kupumua usiku ndiye mgonjwa, na katika majaribio yote niliyoyataja ambayo yalimtazama mtu huyo, dawa ya minyoo haikuonyeshwa kumletea pumu.

Jaribio la Koome

Visiwa vya Koome vipo upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. (Msomaji asivichanganye na kisiwa chetu cha Kome kilichoko Buchosa, mkoani Mwanza.) Maisha ya huko hayatofautiani sana na ya Goziba: kambi za wavuvi, nyumba za mabati na mbao zilizosongamana ufukweni, wahamaji wafuatao samaki, vyoo vichache, na ziwa kwa kila haja. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba kilichoko Entebbe katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, wakishirikiana na wenzao wa London, walikwenda huko kuliuliza swali letu bila kuzunguka. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa kwa kura. Nusu vilipewa tiba ya kawaida, yaani prazikwanteli mara moja kwa mwaka na albendazo mara mbili. Nusu nyingine vilipewa dawa zote mbili kila baada ya miezi mitatu. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitatu.

Uzuri wa jaribio la namna hii ni kwamba kura haina upendeleo. Tukimlinganisha tu mwenye minyoo na asiye nao, hatuwezi kujua kama tofauti yao inatokana na minyoo au na umaskini, chakula, moshi wa kuni, ama kuishi mbali na mji. Kura huvichanganya vyote hivyo sawasawa pande mbili na kuiacha dawa peke yake kuwa ndiyo tofauti. Tena, kugawa vijiji badala ya watu kuliondoa tatizo la jirani aliyetibiwa kuambukizwa upya na jirani asiyetibiwa.

Walipoanza, takriban nusu ya watu waliopimwa kinyesi kwa hadubini walikuwa na kichocho. Watu wengi walikuwa na IgE dhidi ya utitiri na mende katika damu, zaidi sana kuliko wale waliotokwa na lengelenge, na wenye kukoroma kifua kwa pumu walikuwa wachache. Hadi hapo yote yalilingana na wazo la amri ya kusitisha mapigano. Lakini kulikuwa na la kushangaza: wenye minyoo hawakuonekana kuwa na mzio pungufu kuliko wasio nao katika visiwa hivyohivyo.

Baada ya miaka mitatu ya dawa, kichocho kilikuwa kimepungua zaidi katika vijiji vya tiba nzito, ingawa hakikuondoka. Na pumu? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema waziwazi: hapakuwa na tofauti baina ya vijiji vya tiba nzito na vya tiba ya kawaida, si kwa kukoroma kwa kifua, si kwa kipimo cha ngozi, wala si kwa IgE ya utitiri na mende. Dawa ilipunguza minyoo, mzio haukuongezeka.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la mganga wa Goziba. Halikutoka kwa watu wa mbali walio na hali ya hewa na desturi tofauti, bali kwa wavuvi wa ziwa hilohilo, wenye mnyoo yuleyule na konokono walewale.

Kwa nini basi watu wa visiwani wana mzio kidogo?

Ikiwa kuwapunguza minyoo hakukuleta mzio, ni lazima tujieleze upya. Inawezekana kwamba mafunzo ya kinga hufanyika mapema mno, mtoto akiwa tumboni mwa mama mwenye minyoo au katika miaka yake ya kwanza, na kwamba kidonge kimezwacho akiwa na miaka minane hakiyafuti mafunzo hayo. Inawezekana pia kwamba miaka mitatu ni michache, na kwamba minyoo waliobaki walitosha kuidumisha amri. Tena minyoo si walimu pekee: udongo, mifugo, bakteria wa kila namna na malaria vyote humfundisha mtoto wa kijijini.

Lipo na jambo jingine, ambalo kwangu mimi ni tamu kuliko yote. IgE nyingi za watu wenye minyoo si silaha za kweli. Mnyoo amefunikwa kwa sukari za namna fulani ambazo zimo pia katika mimea na wadudu. Mwili ukitengeneza IgE dhidi ya sukari hizo, IgE hiyo itaonekana katika kipimo cha damu kana kwamba ni ya karanga au ya mende, lakini hushika kwa ulegevu na haiwezi kupasua vifuko vya histamini. Huko Ghana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watoto wa shule wengi walionekana kuwa na IgE ya karanga katika damu, hasa wenye kichocho cha mkojo, na bado walikula karanga zao bila dhara lolote. Ngozi zao zilipopimwa, wengi hazikuonyesha kitu. Mambo kama hayo yametokea pia kwa sababu ya protini ya misuli iitwayo tropomiosini, ambayo kwa mnyoo, utitiri, mende na kamba hufanana mno. Kwa hiyo tabibu wa huku kwetu anayepokea karatasi ya maabara isemayo kwamba mtoto ana mzio wa karanga asikimbilie kumnyima chakula hicho kabla hajauliza kama mtoto amepata kudhurika akila. Vipimo vilivyotengenezwa kwa watu wasio na minyoo husomeka vingine kwa watu wenye nao.

Gharama ya mpangaji huyu

Wako wasomi wa nchi tajiri wanaomwita mnyoo rafiki wa kale. Ni rahisi kumwita hivyo mtu ambaye huishi naye. Nusu hivi ya mayai 300 ya kila siku haifiki kwenye kinyesi. Hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo. Mwili hulizunguka kila yai kwa kovu, na baada ya miaka makovu huiziba mishipa iletayo damu kwenye ini. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, mishipa ya koo la chakula hutuna, na siku moja hupasuka mgonjwa akatapika damu. Wapo wanaodhani mtu wa namna hiyo amerogwa. Kabla ya kufika huko kuna upungufu wa damu, udumavu, na mtoto anayesinzia darasani. Amri ileile ya kusitisha mapigano, ambayo wengine wanaisifu, ndiyo inayowafanya watafiti wachunguze kama chanjo tuwapazo watoto wenye minyoo hupokewa vizuri na miili yao.

Majaribio ya kuwatumia minyoo kama dawa nayo hayajatimiza ahadi. Nottingham, Uingereza, wagonjwa wa pumu walipewa viluwiluwi kumi vya safura. Taarifa ya mwaka 2010 haikuonyesha nafuu ya maana. Mwaka huohuo Denmark ilitoa matokeo ya mayai ya mnyoo wa nguruwe aitwaye Trichuris suis waliyonyweshwa wagonjwa wa mafua ya chavua, nayo hayakusaidia. Kazi yenye matumaini zaidi ni ile ya kuzitenga protini chache za yai la kichocho na kuzichunguza moja moja, ili siku moja kemikali itumike bila mnyoo. Huo ni utafiti wa maabara bado.

Faida nyingine ya kutibu imeonekana Kisumu. Waosha magari wa mji huo husimama ndani ya ziwa siku nzima, na kwa hiyo huambukizwa kichocho mara kwa mara. Watafiti waliwatibu kila walipoambukizwa, wakaandika muda uliopita kabla ya ugonjwa kurudi. Baadhi yao walikaa muda mrefu zaidi na zaidi baada ya kila tiba, ilhali bado wamesimama katika maji yaleyale. Maelezo yanayokubalika ni kwamba prazikwanteli humpasua mnyoo ndani ya damu na kuyaanika yale aliyokuwa akiyaficha. Mwili huyaona, hutengeneza IgE ya kweli dhidi yake, na vijidudu vijavyo hupokelewa na askari walio macho. Hapo silaha ya mzio inarudi kwenye kazi iliyoumbiwa.

Kupasuka huko kwa minyoo ndiko pia kunakosababisha tumbo kusokota, kichefuchefu na mara nyingine vipele vya kuwasha katika saa chache baada ya kumeza dawa. Mwenye minyoo wengi ndiye huumia zaidi. Kwa bahati mbaya wengi huyachukulia maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba dawa ni mbaya, wakaikataa mwaka unaofuata. Kumeza dawa baada ya kula hupunguza usumbufu huo sana, na wagawaji wa dawa wanaoleta uji kabla ya vidonge hupata watu wengi zaidi.

Prazikwanteli haiwaui minyoo wachanga ambao hawajafikisha wiki chache mwilini, wala haizuii maambukizo mapya. Mvuvi aliyemeza dawa Jumatatu na kurudi ziwani Jumanne ameanza hesabu upya. Kule Koome, miaka mitatu ya dawa kila robo mwaka haikukimaliza kichocho, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Goziba itakuwa vingine kwa vidonge peke yake. Katika kisiwa chetu cha Kome watafiti wa Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliunganisha dawa na elimu ya usafi iliyoendeshwa na wanakijiji wenyewe, na maambukizo yakashuka. Choo ni kazi ngumu mahali penye mwamba, ambapo shimo halichimbiki. Huko hufaa choo kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa matofali au mawe. Maji yaliyotekwa na kuachwa katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili hayana tena vijidudu vya kichocho vilivyo hai, na ya namna hiyo yanafaa kuogeshea watoto.

Katika mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, mahali ambapo mtu mmoja au zaidi katika kila kumi ana kichocho, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwamo, na siyo kwa wanafunzi tu kama ilivyozoeleka. Kwa wavuvi hilo ni badiliko kubwa, maana baba anayelala ziwani na mama anayeanika dagaa walikuwa wakirukwa mwaka hata mwaka huku mtoto wao akipewa vidonge shuleni. Kwa walio chini ya umri wa shule imekwisha kutengenezwa prazikwanteli ndogo inayoyeyuka katika maji, iliyopata maoni ya kuikubali kutoka kwa wakala wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023. Mtoto mchanga wa kisiwani huogeshwa kwa maji ya ziwa tangu wiki zake za kwanza, na anaweza kuwa na minyoo kabla hajajua kutembea.